Kibuyu cha Maji Kutoka Lusu

Simu ilinikuta barazani napeta mchele. Sauti ya kijana iliniamkia, nikaitika, kisha akasema anapiga kutoka Lusu, kwamba bibi yao amefariki alfajiri na kwamba katika watu wa kuarifiwa mimi nilikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Nikamuuliza bibi yupi. "Mama Nyamizi," akasema. Nikaweka ungo chini. Ningependa kuandika kwamba nililia, lakini machozi yalikuja baadaye, ndani ya basi, tulipoikaribia Nzega. Pale barazani kilichonijia kwanza kilikuwa hofu, ileile ya zamani, na harufu zake zote: moshi wa kibuyu, dawa ya kufutia sakafu, jasho langu mwenyewe la magharibi. Mimi ni mtu wa darasa la nne. Nimeandika mambo yangu kwa miaka mingi, na kila nikiyasoma naona mahali nilipomwonea huyu au kumpendelea yule. Kwa hiyo haya ya mwaka ule wa wodini, msomaji ayapokee kama maneno ya mtu anayejitahidi. Siapi.

Ulikuwa mwaka wa Operesheni, watu wa vijijini walipokuwa wakihamishwa kutoka kwenye miji yao ya zamani wakakae pamoja kando ya barabara. Sisi wa Kanyenye, mjini Tabora, hatukuhamishwa. Habari tulizipata kwa watu walioshuka kwenye mabasi wakaja kunywa chai mgahawani kwa shangazi yangu, na wengine walisifu, wengine walinyamaza wakakoroga chai kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. Kazi yangu pale ilikuwa kupokea maziwa. Yaliletwa asubuhi kwa baiskeli, kwenye madebe, na kabla debe halijapokelewa ilibidi yaonjwe, maana walikuwepo waliotia maji. Nilichota kwa kijiko, mabichi, yakiwa bado na uvuguvugu wa ng'ombe, nikayazungusha mdomoni, nikatoa hukumu. Shangazi alinisifu mbele ya wateja: "Ulimi wa Zuhura huwezi kuuongopea hata tone." Nilijivuna. Kila mgahawa ulikuwa na muonjaji wake, na hakuna aliyeona ubaya, kwa kuwa maziwa ya wateja yalichemshwa mpaka yakapanda kwenye sufuria. Ya wateja yalichemshwa. Ya ulimi wangu hayakuchemshwa.

Homa ilianza kwa adabu. Ilikuja alasiri, ikakaa, ikaondoka kabla ya mapambazuko, ikaniacha nimelowa kama niliyetoka kisimani, na mchana niliweza kucheka na kufanya kazi hata shangazi akashuku kwamba nategea kazi. Nikapewa klorokwini, ikatulia, ikarudi. Nikanyweshwa kombe la aya, ikatulia, ikarudi. Mgongo ukaanza kuuma chini kabisa, kwenye kiuno, na magoti yakakataa ngazi. Kilichonitisha si maumivu. Ni kwamba homa ile ilionekana kujua saa. Jua likifika usawa wa paa la jirani, mimi nilianza kungoja, na nilipoanza kungoja meno yalianza kugongana, na hadi leo sijui kama ilikuwa homa iliyokuja kwa saa yake au woga wangu ulikuwa ukienda kuipokea mlangoni. Shangazi alinipeleka hospitali siku aliyoona nimeshindwa kuinua birika.

Wodi ya wanawake ilikuwa ndefu, na dari yake ilikuwa juu mno kiasi kwamba mtu akikohoa sauti ilipanda, ikazunguka, ikamrudia. Asubuhi tulipewa uji, mchana ugali na maharage, na jioni ugali uleule uliokaa. Nje kulikuwa na barabara ambayo wazee walisema ni ile ya misafara, ya wapagazi waliokwenda pwani na mizigo kichwani, na upepo wa kiangazi uliitoa vumbi lote ukaja kulipaka kwenye vioo vyetu. Kitanda changu kilikuwa cha pili kutoka dirishani. Cha kwanza alilala Nyamizi, msichana wa rika langu kutoka Lusu, kwa wafugaji, aliyeolewa si muda mrefu na ambaye mimba yake ilikuwa imetoka kabla homa haijamshika. Homa yake na yangu zilifanana kama mapacha. Saa ile jua linaposhuka tulikuwa tukitazamana, kila mmoja akimwangalia mwenzake nani ataanza kutetemeka. Baadaye, ugonjwa ulipokwisha kujulikana, nilimsimulia kazi yangu ya kuonja, akacheka mpaka akashika kiuno. "Kwa hiyo ng'ombe wetu amekupiga pembe huko huko mjini," akasema, "na wewe hukumwona hata mkia."

Daktari alikuwa kijana mwembamba, mtu wa pwani, mwenye haraka kwenye miguu na upole kwenye sauti. Alituchukua damu, akaichanganya na dawa fulani kwenye kioo, akarudi kutuambia kwamba zote mbili zimegandamana vilevile. "Ni ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba. Binadamu huupata kwa maziwa mabichi, au akimshika ndama aliyetupwa." Nyamizi akafumba macho. Kwao ng'ombe walikuwa wametupa, na ndama wale aliwatoa yeye kwa mikono yake. Kutoka kitanda cha upande wa pili Mama Chiku, aliyevunjika mguu lakini ulimi ukabaki mzima, akasema, "Haya, wodi imekuwa zizi." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimuuliza daktari ugonjwa huo unakaa wapi, maana nilidhani akinitajia mahali, mgongo au tumbo, nitajua pa kuuangalia.

Hakuwa na karatasi. Aliinama juu ya kitanda cha Nyamizi, akachora kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. Duara. "Hii ni chembe nyeupe ya damu. Ni askari wako. Kazi yake kumeza wadudu na kuwaua." Kisha akatia nukta ndani ya duara. "Wadudu hawa wanamezwa, lakini hawafi. Wanamgeuza askari kuwa nyumba yao. Wanakaa humo, wanazaa humo, na askari anawabeba mwili mzima bila kujua." Akachora mshale uliogonga ukuta wa duara ukaishia hapo. "Hii ni sindano. Inaua walioko nje, njiani. Kuingia ndani haiwezi sana. Ndiyo maana mna hizi za rangi mbili za kumeza." Akatia nukta nyingine, ndogondogo, zikapita ukutani. "Hizi zinapenya. Kidogo leo, kidogo kesho, zinakusanyika ndani mpaka zijae kuwatosha wale waliojificha. Lakini lazima zije mfululizo. Zikikatika, wanaamka."

"Na wakiwa wote wamekufa, tutajuaje?" nikauliza.

Akafuta kidole kwenye koti lake. "Tutangoja tuone kama homa inarudi."

Sidhani alikusudia kunitisha. Aliulizwa, akajibu, na madaktari wengi wa siku zile hawakujibu. Lakini duara lile lilibaki kwenye kioo, na jua la alasiri lilipopita hapo lilizitupa zile nukta za mwanga juu ya shuka la Nyamizi. Nilikuwa nimeishi nikidhani adui yuko nje na mwili wangu uko ndani. Sasa nikalala nikiwaza wale askari wangu wanavyotembea katika mishipa, waaminifu, kila mmoja na mgeni wake tumboni. Nilianza kuogopa hata mapigo ya moyo, kwa kuwa yalikuwa yakiwatembeza.

Mama yake Nyamizi, nami nilimwita mayu kama mwanawe alivyomwita, alilala kwenye banda la kupikia nyuma ya wodi, pamoja na wauguzaji wengine. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na bei za sokoni. Mumewe alibaki Lusu kungoja zamu yao ya kubomoa nyumba na kuhama. "Nikirudi sijui nitaikuta wapi," aliniambia mara moja, kwa Kinyamwezi, bila kulalamika, kama anayetaja mbuzi aliyepotea. Kila basi la Nzega lilipofika alikwenda kulipokea, kwa kuwa kwao walimpa utingo kibuyu cha mtindi, naye alimpa utingo kibuyu kitupu kilichooshwa na kufukizwa. Daktari alikuwa amemwambia tangu mwanzo: maziwa yachemshwe kwanza, yakichemshwa mpe, binti anahitaji nguvu. Mayu alituma neno nyumbani na wakatii, wakachemsha kabla ya kugandisha. Basi asubuhi, Sista Agatha alipopita na kutugawia zile za rangi mbili na kutuhimiza tuzimeze na kitu tumboni zisituchafue roho, Nyamizi alizisindikiza kwa kikombe kizima cha mtindi kutoka mkononi mwa mama yake. Mayu alifuta hata povu mdomoni mwa bintiye kwa kidole chake. Mimi nilikuwa na chai ya rangi na kipande cha muhogo. Shangazi aliposikia ugonjwa umetoka kwenye maziwa aliapa kwamba hayatapita tena kinywani mwangu, mabichi wala ya kuchemsha, na wala hakutaka kuelezwa tofauti. Nilikionea wivu kikombe kile. Ninaandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Mwanzoni tulipona pamoja. Sindano zilipokwisha, tukabakiwa na za kumeza tu, njia zetu zikaachana. Mimi jasho lilipungua, nikaweza kutembea hadi mlangoni. Nyamizi akarudi nyuma. Homa ikampanda tena kwa saa ileile, na mgongo ukamshika mpaka hakuweza kugeuka bila kushikwa na watu. Akanyong'onyea machoni mwangu. Alasiri moja, daktari na Sista Agatha walisimama nyuma ya pazia la kitanda cha jirani wakidhani tumelala.

"Hawa wawili wana dawa moja," daktari alisema. "Huyu wa Kanyenye anapanda, yule wa Lusu anashuka. Sielewi."

"Labda wadudu wake wamezoea dawa," Sista akasema.

"Labda. Basi na wa huyu nao wanaweza kuzoea. Tukifika huko sina kitu kingine kabatini."

Nilitazama duara kwenye kioo. Nilimwogopea Nyamizi, lakini nikiwa mkweli, nilijiogopea zaidi. Nilimwona yeye kama mtu aliyetangulia kwenye njia nami niko nyuma yake hatua chache, na vumbi analotimua ndilo nitakalolivuta.

Wengine walikuwa na maelezo yao. Mama Chiku alizungumza na dada yake aliyekuja kumpikia, kwa sauti ile ya watu wanaojua kwamba wanasikika. "Ng'ombe wametupa. Binti mimba imetoka. Sasa ni binti mwenyewe. Na mama mtu yu mzima kama jiwe la kusagia."

"Na macho yale," dada akasema.

"Umeyaona?"

"Mekundu."

"Basi."

Hakuongeza neno, na wodi nzima ilielewa. Sipendi kumsema vibaya Mama Chiku. Ndiye aliyenigawia sabuni yake, na alimlilia mtoto wa watu aliyefia kitanda cha mwisho kuliko walivyomlilia nduguze. Lakini mtu wa upande wetu anajua "basi" ile inaishia wapi. Mwanamke mtu mzima wa Nzega au Igunga, neno la uchawi likimshika, hapati wa kumtetea. Huamka siku moja akakuta majirani hawamwitikii, na baada ya hapo huwa ni suala la nani atakayekuja na panga. Na mabasi yale yaliyoleta mtindi yalibeba maneno vilevile. Macho ya mayu yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi. Kila siku aliinama juu ya kibuyu, akitia vipande vya kaa la moto la mti aliokuja nao kutoka kwao, akikitikisa, akikiziba, akingoja moshi unywewe. Wote tulimwona akifanya hivyo. Haikusaidia kitu.

Siku ile daktari alikuja wodini mapema kuliko kawaida yake, wakati wa kugawa dawa. Alipofika kitanda cha dirishani Nyamizi alikuwa na vidonge ulimini na kikombe mdomoni. Daktari akasimama. Akamtazama mama, akatazama kikombe, akaniuliza mimi, "Humeza hivyo kila siku?"

"Kila siku, daktari."

"Na wewe?"

"Chai ya rangi."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, jambo ambalo madaktari hawakulifanya. Akasema, polepole, kwamba dawa ile ikikutana na maziwa tumboni hushikana nayo na kutoka nayo, haifiki kwenye damu, sembuse ndani ya chembe. "Mimi ndiye niliyesema apewe maziwa," akasema. "Nilifikiria nguvu. Saa ya kumeza sikuifikiria." Sista Agatha akainamisha kichwa, ingawa sioni kama yeye alikuwa na kosa. Kisha daktari akanigeukia. "Wewe unajua Kinyamwezi. Mwambie mama kwamba maziwa yake yanaharibu dawa ya binti yake. Mwambie leo hii."

Nilimtazama Nyamizi. "Siwezi kumwambia mayu," alinong'ona. "Sema wewe. Lakini angalia unavyosema." Na hapo nikaelewa kwamba naye alikuwa ameisikia ile "basi".

Daktari alikuwa mtu wa pwani. Sentensi yake ilikuwa ya kweli, fupi, na kwake haikuwa na sumu. Lakini niliishika njia nzima kutoka wodini hadi bandani kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kiganja. Maziwa ya mama yanaharibu dawa ya mtoto. Nikiyasema hayo mbele ya wale wanawake, yangefika Nzega na basi la jioni, na yakifika Lusu yasingekuwa tena habari ya dawa. Nisipoyasema, Nyamizi anakufa. Hakuna mahali pa kumvuta pembeni, maana kuvutana pembeni na mwanamke anayeshukiwa nako ni habari. Kanga ilikuwa imenilowa mgongoni, na jua lilikuwa bado la asubuhi.

Mayu alikuwa ameketi na kibuyu kitupu magotini, anakifukiza. Dada yake Mama Chiku alikuwa anakoroga uji kwenye jiko la tatu, na wengine walikuwepo. Nikamwamkia. "Wangaluka, mayu."

"Wangaluka. Ameamkaje?"

"Ameamka. Daktari amenituma."

Mikono yake ilisimama. Na mwiko wa uji nao ukasimama, niliusikia ukinyamaza. Nilifungua kinywa kusema aliyoyasema daktari, na nikajisikia nauliza jingine kabisa. "Mayu, hicho ukikifukiza mara moja tu, hakitoshi?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta ninatoka wapi. "Mara moja? Maziwa yatalala leo, kesho yananuka."

"Kwa nini?"

"Moshi haujaingia. Kibuyu kina nyama yake. Moshi uingie kwenye nyama, ukae, wa leo uongezeke juu ya wa jana, mpaka kibuyu chenyewe kiwe moshi."

"Na mtu akikifukiza kikiwa na maziwa ndani?"

Mmoja wa wauguzaji akacheka. "Huyo mtoto wa Kanyenye hajawahi kuona zizi."

"Moshi utaishia kwenye maziwa," mayu akasema. "Hautafika kwenye nyama."

"Basi daktari anasema dawa ya Nyamizi iko hivyo," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imepanda juu kama ya mtoto. "Ndani ya damu yetu kuna vibuyu vidogo, visivyoonekana. Ugonjwa umejificha kwenye nyama ya vibuyu hivyo, wa kwake na wa kwangu. Dawa inatakiwa iingie humo, ikae, iongezeke siku hadi siku. Ikikuta maziwa tumboni inaishia hapo. Maziwa yoyote. Ya mgahawani kwetu. Hata ya ng'ombe wa Serikali."

Wanawake wakacheka, kwa ng'ombe wa Serikali, na nikasikia mwiko unaanza tena kukoroga. Mayu hakucheka. Alikaa na kibuyu, moshi ukikitoka mdomoni kidogokidogo, na macho yake mekundu yakiwa juu yangu.

"Kwa hiyo nimwendee mikono mitupu," akasema.

Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeogopa hasira, nimeogopa masikio ya watu, nimeogopa kifo, lakini swali lile sikulifikiria. Nikamwambia dawa inataka maji tu. "Maji," akarudia. "Ya bomba lile?" Akalitazama bomba la ua wa hospitali, lenye kutu, lililofungwa kitambaa. Asubuhi iliyofuata alikuja wodini bila kikombe, akasimama miguuni pa kitanda, na mikono yake haikujua pa kukaa. Nyamizi alimeza kwa maji ya bomba. Sote watatu tulitazama pembeni.

Basi la Nzega lilipofika tena, mayu alirudi na kibuyu kimejaa. Sista Agatha akamwahi mlangoni kumzuia. Mayu akakifungua, akammiminia kiganjani. Yalikuwa maji. Maji ya kisima chao cha Lusu, kile walichokuwa wanakiacha kwa sababu ya kuhama. Alikuwa ametuma neno wamchotee kabla hawajaondoka. Utingo aliyekibeba alimfuata hadi barazani kwa kushangaa. "Mama, Tabora mabomba yamekauka? Nimebeba maji safari nzima kama mpagazi wa zamani, abiria wananicheka."

"Beba tu, baba," mayu akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hata kesho."

Daktari alitaka yachemshwe, naye akayachemsha mbele yake, akayapoza, akayarudisha kibuyuni. Nami nilipewa nionje. Yalikuwa na ladha ya moshi na ya chumvichumvi ya udongo, na kwa mara ya kwanza tangu niugue ulimi wangu haukutoa hukumu yoyote. Basi ikawa hivyo. Utingo alileta maji ya Lusu, na Nyamizi alimezea dawa kutoka mkononi mwa mama yake, na mama alifuta mdomo wa bintiye ingawa hapakuwa na povu la kufuta.

Sitasema maji yale yalimponya. Daktari pia alimrudishia sindano, na akarefusha muda wa za kumeza, na huenda mwili wake ulikuwa tayari kwa wakati wake. Niliuliza, akaniambia hata yeye hawezi kuapa. Najua tu kwamba kulikuja magharibi moja ambapo jua lilifika usawa wa kawaida, na Nyamizi akajifunika blanketi kungoja, nami nikakaa kitandani namtazama, na jasho halikuja. Tuliogopa tukisema litasikia. Mwanga ulipanda ukutani, ukafika darini, ukaondoka, na bado tulikuwa tumekaa tunangoja, wasichana wawili wenye mashuka makavu, na hofu yetu siku ile ilikuwa kubwa kuliko ya siku zote za homa, kwa kuwa sasa tulikuwa na kitu cha kupoteza. Duara la kwenye kioo alilifuta mfanya usafi siku ya mvua ya kwanza. Nilitamani kumzuia, sijui kwa nini.

Mazishi ya mayu yalihudhuriwa na watu wengi. Alifia uzeeni, kitandani kwake, na watu walimwitikia salamu mpaka mwisho. Nyamizi nilimkuta mkekani katikati ya wanawake. Mgongo wake haukunyooka kabisa tangu mwaka ule. Anatembea ameinama mbele kidogo kama mtu mwenye mzigo kichwani, na sura ni ya mama yake. Watu walipopungua alinivuta nikae karibu.

"Zuhura. Yale ya vibuyu vidogo ndani ya damu. Daktari ndiye aliyesema?"

Swali hilo nimelingoja maisha yangu yote, na mara nyingi nimejiuliza kama nilifikisha ujumbe au nilitunga. "Daktari alisema habari za askari na nyumba," nikamwambia. "Vibuyu vilikuwa vyangu."

"Mayu alijua. Tangu siku ileile."

"Alijuaje?"

"Alisema daktari hamtumi mtu na maswali. Hutuma amri." Akatabasamu kidogo. "Alisema ulikuwa unatetemeka mpaka kanga inatikisika. Akadhani ni homa. Halafu akaangalia majikoni, akaona wanawake wameacha kukoroga, akajua unamwogopea nani. Ndipo akayakubali maji."

Mjukuu wa Nyamizi alikuja na vikombe vya chai ya maziwa, na vidonge vya presha vya bibi yake kwenye kisahani. Nyamizi akasukuma chai pembeni. "Niletee maji."

"Bibi, hizi si zile. Hizi hazina masharti ya maziwa."

"Najua."

Akaleta vikombe viwili. Mimi nami nilitoa vyangu kwenye mkoba, tukameza pamoja. Jua lilikuwa limefika usawa wa paa la jirani. Nikajipapasa shingoni kutafuta jasho, kama ninavyofanya kila siku saa ile bila mtu kujua, na nilipogeuka nikamwona Nyamizi naye ana mkono shingoni. Tukatazamana. Yangu ilikuwa kavu. Nikanyoosha mkono nikaigusa yake.